Nyumba ya mama na namba zake nyingi: kisa cha ndugu watatu waliotaka kugawana bila mthamini

Majina na namba kwanza

Wahusika wenyewe wameridhia nikiandike hiki kisa, sharti lao ni kwamba asijulikane mtu. Kwa hiyo nitawaita Kaka, Dada na Mdogo, ndugu watatu wa tumbo moja, na mimi niliingia kama mtu wa kati baada ya maneno kuwa mengi. Hela halisi pia sizitaji. Nimebadilisha kila kitu kiwe kwa kipimo kimoja: thamani ya nyumba siku tunayogawana, ukiondoa alivyoongeza Kaka, naiita 100. Namba nyingine zote hapa chini zisome ukilinganisha na hiyo 100 na utaelewa bila shida popote ulipo.

Hali ilivyokuwa

Mama yao aliacha nyumba moja, vyumba vitatu vya kulala, kiwanja kizuri na hati ipo. Kaka alikuwa anaishi hapohapo na mama tangu mama alipoanza kuumwa, miaka mingi tu, na ndani ya hiyo miaka alibadilisha paa lote, akajenga vyumba viwili vya nyuma ambavyo amepangisha. Dada na Mdogo wanaishi mbali. Mama alipofariki mirathi ikafunguliwa vizuri, haikuwa na ugomvi, kila mmoja akaandikwa theluthi moja ya nyumba. Basi miaka minne ikapita hivohivo hakuna aliyegusa kitu.

Ugomvi ulianza siku Kaka aliposema anataka kuwanunua wenzake ili nyumba ibaki kwa jina lake. Wazo zuri kabisa na wote walilipenda. Swali likawa moja tu, anawalipa ngapi.

Kila mtu na namba yake

Kaka akatuma picha kwenye grupu la familia, ukurasa mmoja wa ripoti ya mthamini, yaani mtaalamu wa kukadiria thamani ya mali, imeandikwa 70. Ni ripoti ya kweli, ina mhuri na saini. Dada akaiangalia akauliza, "Kaka, hii ya lini?" Kumbe ni ya miaka sita nyuma, kipindi mama yupo hai, alipochukua mkopo benki na nyumba ikawekwa rehani. Na tulipoipata ripoti nzima tukaona kitu ambacho hata Kaka mwenyewe hakukijua, nami namwamini kwamba hakujua: ile 70 haikuwa thamani ya soko hata kwa mwaka ule. Thamani ya soko ilikuwa 95, ipo ukurasa wa juu yake. 70 ilikuwa thamani ya mauzo ya haraka, yaani hapo benki inajiuliza, huyu akishindwa kulipa na tukalazimika kuuza chapchap, tutaambulia ngapi? Benki walipomwandikia mama barua waliitaja hiyo 70, na hiyo ndo ikakaa vichwani kwa familia miaka yote kwamba nyumba yetu ni ya 70.

Dada naye akampigia dalali. Dalali hakufika kwenye nyumba, aliangalia tangazo la nyumba inayofanana mtaa wa pili akasema 150 haikosi. Dada akaamini, mtu yuko mbali atafanyaje, na tangazo analiona kwenye simu yake kwa macho yake.

Sasa hesabu ndogo hapo. Kwa 70 Kaka anawalipa wenzake jumla karibu 47. Kwa 150 anawalipa 100 kamili. Nyumba ni ileile, matofali ni yaleyale, lakini pengo ni zaidi ya nusu ya nyumba, na kila upande una karatasi au tangazo la kuonyesha. Mdogo kwa nia njema kabisa akasema wajumlishe wagawe kwa mbili, itoke 110, yaishe. Walikuwa wameshaanza kuandika mkataba.

Nilipoletewa ule mkataba niupitie ndo nikawaomba wasimame. Namba moja inajibu swali la benki la miaka sita iliyopita, nyingine ni ya mtu anayetamani kuuza nyumba yake mwenyewe, ukizichanganya hazijibu swali lenu nyie. 110 ingeweza kuwa karibu au mbali na ukweli, hakuna aliyekuwa na namna ya kujua, na baada ya miaka miwili mmoja wao angelala akiwaza aliibiwa na ndugu yake.

Tulichoamua na kwa nini

Tukakubaliana aitwe mthamini mmoja wa wote watatu. Kuna waliosema kila mtu alete wa kwake, nikakataa, maana ukileta wathamini watatu umeleta mawakili watatu, kila ripoti itakuwa na mwenyewe. Mmoja, amesajiliwa na bodi inayosimamia wathamini kwenye nchi husika, hana undugu wala urafiki na yeyote, na malipo yake wanachanga sawasawa. Na malipo yawe ya kiasi kinachojulikana kabla, sio asilimia ya thamani atakayoitoa. Hilo la asilimia tulilisimamia kwa nguvu kwa sababu mtu anayelipwa zaidi kadiri namba inavyokuwa kubwa, hata awe mwadilifu vipi, umeshamweka pabaya.

Kazi iliyotuchukua muda ni barua ya maelekezo. Mthamini alipopigiwa simu, kitu cha kwanza alichouliza hakikuwa nyumba iko wapi wala ina vyumba vingapi, aliuliza, "Mnataka uthamini wa nini, na wa tarehe gani?" Dada akashangaa kidogo, akajibu, "Si thamani ya nyumba tu?" Ndo akaelezwa. Thamani ya soko ni makadirio ya bei ambayo mnunuzi anayetaka kununua na muuzaji anayetaka kuuza wangefikia siku fulani, hawana undugu wala uhusiano maalumu, nyumba imetangazwa muda wa kutosha, kila mmoja ana taarifa zake na hakuna anayesukumwa. Hivyo ndivyo viwango vya kimataifa vya uthamini vinavyosema kwa kifupi. Toa kimojawapo hapo, kwa mfano sema muuzaji amesukumwa, na namba inabadilika. Badilisha siku, namba inabadilika. Na kwa mambo ya kodi au mahakama kuna sehemu wanataka thamani ya siku aliyofariki mwenye mali, sio ya leo, mthamini anarudi nyuma na kutumia mauzo ya kipindi kile.

Basi tukaandika maswali mawili. La kwanza, thamani ya soko ya leo nyumba ikiwa kama ilivyo. La pili, thamani ya soko ya leo tukichukulia kwamba paa jipya na vyumba vya nyuma havipo. Hili la pili lilikuwa ni kwa ajili ya Kaka. Alikuwa anadai haki yake kwa alivyoviongeza na ilikuwa haki kweli, ila bila namba ya pili ingekuwa kelele tu.

Siku ya ukaguzi

Dada alihudhuria kwa video, Mdogo alisafiri, Kaka alikuwepo. Mthamini alifika na kipimo cha leza na tepu ya kawaida, akaanza nje. Alipima kila ukuta kwa nje akichora kwenye karatasi, akarudi akapima tena kona moja ambayo hesabu yake haikufunga. Aligonga plasta kwa kifundo cha kidole upande wa bafuni, ikalia kama debe tupu, akaandika. Akaomba ngazi akachungulia darini, mbao za zamani zipo chini ya bati jipya, mbili zimeoza kichwani. Kaka akashtuka, maana alilipia paa zima akajua na mbao zimeguswa.

Kisha akatoa nakala ya hati na kuanza kutafuta mawe ya mpaka. Matatu yalionekana, la nne likafukuliwa chini ya mti wa uani. Mipaka ilikuwa sawa. Halafu akauliza kibali cha ujenzi cha vyumba vya nyuma.

Kimya. Hakikuwepo. Kaka alimpa fundi hela ya "kushughulikia" na hakufuatilia tena. Mthamini hakugombeza mtu, alisema tu kwamba atavihesabu lakini ataandika havina kibali na atapunguza, kwa sababu mnunuzi yeyote mwenye akili angepunguza.

Nasisitiza hapa kwa sababu watu wengi wanadhani mthamini anakuja kuangalia uzuri wa nyumba. Rangi mpya na usafi wa siku ile havikuchukua hata dakika tano zake. Saa mbili na nusu alizokaa pale, nyingi zilikuwa vipimo, karatasi na sehemu ambazo wenyewe huwa hatuangalii.

Ripoti ilisemaje

Thamani ya soko kama ilivyo: 118. Bila alivyoongeza Kaka: 100.

Mthamini alitumia mauzo ya nyumba tatu za jirani zilizouzwa kweli na hela ikalipwa, sio matangazo, akazirekebisha moja moja: hii kiwanja kikubwa zaidi anapunguza, hii haina maji ya uhakika anaongeza. Ile ya tangazo la Dada ilikuwemo pia kwenye maelezo, ikiwa na sentensi moja kwamba imekaa sokoni muda mrefu kwa bei hiyo bila kupata mtu. Dada aliisoma hiyo sentensi mara mbili na tangu hapo 150 haikutajwa tena. Mthamini alijipima pia kwa njia ya pili, ya gharama: kiwanja peke yake, jumlisha kujenga majengo hayo upya leo, toa uchakavu. Ikaja 116. Njia mbili tofauti zikikaribiana hivo unapata imani.

Kilichouma ni ile tofauti ya 18. Kaka alikuwa na risiti zake zote kwenye bahasha ya kaki, paa na vyumba, jumla karibu 30. "Yaani hela yangu 12 imeenda wapi?" Nilikaa naye jioni nzima kwa hilo. Nilimweleza nilivyoelewa mimi: ulichotumia ni gharama, mnunuzi anacholipa ni thamani, na mnunuzi halipii fundi aliyekuzidishia wala bati ulilobadilisha kwa sababu lilikuwa linavuja, maana yeye anategemea nyumba isiyovuja kama kitu cha kawaida. Vyumba vya nyuma ndo vilibeba sehemu kubwa ya ile 18, na vingebeba zaidi vingekuwa na kibali. Hakufurahi. Lakini alielewa, na kikubwa ni kwamba hakuambiwa na Dada wala Mdogo, aliambiwa na mtu asiyemjua asiye na sababu ya kumdhulumu.

Benki ikaja na yake

Kaka alihitaji mkopo ili awalipe wenzake. Akaenda benki na ripoti yetu mkononi, wakamwambia hawaipokei, wana orodha yao ya wathamini na ripoti inatakiwa iandikwe kwa jina la benki. Akalipa uthamini mwingine peke yake. Namba ikatoka 114, na thamani ya mauzo ya haraka 85.

Dada akaja juu: mbona wa kwanza alisema 118? Hapo palihitaji utulivu. Uthamini ni maoni ya mtaalamu yenye ushahidi, sio kupima kilo za sukari, na wathamini wawili waaminifu wanaweza kutofautiana kidogo. Hapa tofauti ilikuwa kama asilimia 3, na sababu ilionekana waziwazi kwenye ripoti, yule wa benki alikata zaidi kwa vyumba visivyo na kibali. Kama tofauti ingekuwa 40 ningesema mmoja wao kakosea, kwa 4 hakuna kesi. Benki ikakubali kukopesha hadi asilimia 60 ya ile 114, yaani 68 na kitu.

Halafu bima

Hili hatukulitegemea kabisa. Benki wanataka nyumba iwe na bima, Kaka akataka aikatie kwa 118 kwa kuwa ndo thamani yake. Nikamwomba ampigie yule mthamini wetu kwanza. Jibu: bima ya moto haihusu bei ya soko, inahusu gharama ya kuijenga upya ikiisha yote, pamoja na kuondoa kifusi na kulipa wataalamu wa ujenzi. Kiwanja hakiungui. Kwa ada ndogo akatoa namba ya tatu: 80. Angekata kwa 118 angelipa ada ya juu kila mwaka na bado kampuni isingemlipa zaidi ya hasara halisi.

Ila cha kutisha kilikuwa upande wa pili. Tulipoangalia bima ya zamani, ile ya wakati wa mkopo wa mama ambayo Kaka amekuwa akiilipia kila mwaka kwa uaminifu, ilikuwa ya 40 tu, waliweka kiasi cha mkopo uliokuwepo. Na ndani yake kuna kifungu cha uwiano, kipo kwenye bima nyingi za majengo. Ukikata bima nusu ya gharama halisi, unalipwa nusu ya hasara, hata kama hasara ni ndogo. Jiko likiungua hasara ya 20, kampuni inachukua 40 gawa kwa 80, inakulipa 10. Kaka alikuwa anadhani yuko salama hadi 40. Miaka yote amelala na familia yake humo akiamini hivo, na mimi hiyo iliniuma kuliko hesabu zote za mgawanyo.

Walivyomaliza

Mgawanyo ulifanyika kwenye 100, sio 118, kwa hiyo kile Kaka alichoongeza kilibaki cha kwake. Theluthi ya kila mmoja ni 33 na kidogo.

Kukabaki jambo la kumuuguza mama. Mthamini hana safu ya kuandika hilo na ni sawa asiwe nayo. Mwanzoni Kaka alikuwa anataka lihesabiwe ndani ya bei, na nadhani ndo maana aliishikilia ile 70 hata alipojua ina kasoro, moyoni alikuwa anajilipa. Namba zilipokuwa wazi Dada mwenyewe akasema, bila kusukumwa, yeye anaachia 3 kwenye fungu lake kwa ajili ya miaka ile, Mdogo naye akaachia 3. Ikaandikwa kwenye mkataba kwa mstari wake: shukrani kwa kumtunza mama. Kaka akawalipa 30 na kidogo kila mmoja, jumla karibu 61, kilichobaki kwenye mkopo kikaenda kuhamisha hati na kuhalalisha vyumba vya nyuma.

Nikichambua sasa

Kilichotusaidia zaidi ya vyote ni lile swali la mthamini, wa nini na wa tarehe gani. Nyumba hii moja ilikuwa na 70, 95, 150, 118, 100, 114, 85 na 80, na ukiitoa ile ya dalali zote zilikuwa sahihi kwa kazi yake. Mwenye nyumba anayesema nataka kujua nyumba yangu ina thamani gani bado hajauliza swali. Unauza? Unataka thamani ya soko kabla dalali hajakupandisha mawazo. Mnaachana na mwenzio? Mtahitaji mthamini mmoja wa wote wawili na tarehe ambayo sheria ya kwenu inaitambua. Umekadiriwa kodi ya jengo kubwa kuliko majirani? Pingamizi bila ripoti ni malalamiko. Ardhi inachukuliwa kupisha barabara? Hapo ndo usikubali kabisa namba ya upande mmoja bila kuwa na mtu wako wa kuisoma. Hata unapofikiria kuongeza vyumba, mwite kabla ya kumwaga zege, Kaka angejua mapema kwamba 30 yake ingezaa 18.

Kingine kilichofanya kazi ni ndugu wote kuwepo siku ya ukaguzi. Dada aliona plasta na mbao kwa macho yake kupitia simu, ripoti ilipokuja haikuwa ngeni.

Tulipokosea ni pengi kidogo. Tulitakiwa kuuliza benki kabla, tukapata mthamini aliye kwenye orodha yao na ikaandikwa ripoti moja ya wote, tungeokoa ada nzima. Hilo ni kosa langu, nilijua kwamba benki huwa na orodha na sikulisema. Kibali kilitakiwa kutafutwa kabla ya mthamini kuja. Na ripoti ilitumwa kwenye simu ya Kaka peke yake, akaisambaza baada ya siku mbili kwa sababu alikuwa safarini, hizo siku mbili Dada hakulala akiwaza kuna ukurasa umetolewa. Mthamini angetuma kwa wote watatu dakika moja hayo yasingekuwepo. Ni kitu kidogo mno na nusura kiharibu mwezi mzima wa kazi.

Sijui kama ningewaruhusu kuachiana zile 3 kabla ya ripoti kuja. Nafikiri hapana. Zilipokuja mwishoni kila mmoja alijua anatoa nini, mwanzoni zingekuwa sehemu ya kuvutana.

Ile ripoti ya zamani haikutupwa. Mdogo aliichukua akaibana kwenye faili jipya la nyumba, nyuma kabisa, na juu ya ile 70 akaandika kwa kalamu nyekundu: ya mkopo wa mama, mauzo ya haraka, na mwaka wake.